Yaya wa Kwenye Mkanda

Kila Jumamosi mchana, fundi wa sinema wa jumba la picha za zamani hufunga mapazia, hufuta lenzi kwa ncha ya shati lake, kisha hupanga viti vya plastiki. Jumba hilo hukusanya picha za kale na mikanda ambayo watu walijipigia wenyewe majumbani, ili wajukuu wajue maisha yalikuwaje. Kiingilio hakuna. Wengi huja kwa ajili ya feni.

Mshonaji wa sare za shule alikuja kwa sababu aliambiwa mama yake yumo. Marehemu hakuacha picha hata moja. Akakaa safu ya pili, na kweli, akamwona ukutani: kijana mbichi kabisa, kitambaa kichwani, kamshika mikono mtoto wa tajiri anayejifunza kutembea uani. Nyuma yao wageni wanakula keki. Mama kakunja uso, macho yako getini.

Mshonaji aliijua siku ile. Ndiyo siku ambayo mdogo wake, mtoto wa kunyonya, alishikwa na homa, naye mshonaji akaachwa nyumbani ampepee. Mama aliomba ruhusa. Akaambiwa mpaka wageni waondoke. Wageni waliondoka jioni. Mtoto hakusubiri.

Mkanda ule hauna sauti, kwa hiyo mama alipotaka kuuliza jambo ilibidi atoke ukutani. Alikanyaga miguu ya watu wawili, akawaomba radhi, akamwinamia mshonaji.

"Mwanangu, mbona umezeeka kunizidi?"

"Ni cherehani, mama."

"Na mdogo wako? Homa imeshuka?"

Mshonaji hakuzoea kumdanganya mama yake. "Alikufa, mama. Kabla hujarudi."

Mama akaketi sakafuni, mikono kichwani. Hakulia. Kule ukutani mtoto alikosa wa kumshika, akaanguka kifudifudi. Papo hapo mzee wa fimbo aliyekaa safu ya mbele akashika paji la uso. Yeye ndiye mtoto yule, na mkanda ni wake. Nundu ilikuwa imeshaanza kuota.

"Yaya! Mimi naanguka, wewe umekaa tu?"

"Nakuja, bosi mdogo," mama akasema. Akajikung'uta vumbi, akarudi ukutani kumwinua.

Taa zilipowashwa, mzee alimwita fundi. "Akinitupa tena, nauchukua mkanda wangu nikaufungie kabatini. Siwezi kupasuka kichwa uzeeni."

Fundi akamfuata mshonaji mlangoni. "Bibi, nisaidie. Kumzuia asitoke siwezi. Lakini nikirudisha mkanda mwanzo, na yeye anarudi mwanzo, hakumbuki kitu. Safari ijayo mpe maneno mazuri."

"Nimdanganye mama yangu?"

"Au usimwone tena. Utachagua mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata mama akatoka palepale, akakanyaga miguu ya watu wengine, akaomba radhi.

"Mwanangu, mbona umezeeka kunizidi? Na mdogo wako? Homa imeshuka?"

Mshonaji alimtazama mzee, plasta ikiwa kwenye paji la uso. Akamtazama mama yake, kitambaa kimelowa jasho.

"Imeshuka, mama."

"Kweli?"

"Kalala fofofo. Hata kukoroma anakoroma."

Mama akacheka. "Huyo kamrithi baba yake. Basi sina haja ya kukimbia, nitamaliza na vyombo kabisa."

"Kaa kidogo, mama. Pumzika."

"Nitakaaje, mwanangu? Mtoto wa watu ataanguka."

Akamgusa shavu, mkono una harufu ya sabuni, akarudi ukutani akicheka bado. Hakutazama geti tena. Alimshika bosi mdogo, akamtembeza uani hatua kwa hatua, na wageni wakapiga makofi yasiyosikika.

Mkuu wa jumba alikuwa amesimama nyuma na wanafunzi wa chuo. Akanyoosha kidole.

"Mwoneni yaya huyo anavyocheka. Ndivyo zamani walivyoishi, kwa upendo."

"Alinipenda kuliko watoto wake," mzee akasema, na wanafunzi wakaandika.

Kisha mkuu akaomba mkanda uonyeshwe tena, kwa waliochelewa. Mshonaji hakuondoka kitini. Fundi alikuwa anaurudisha mwanzo, na mama yake angekuja kuuliza.