Bonde la Mkono wa Wathome

Mwongeli aliniletea besi ya marehemu mumewe, Wathome, ikiwa imefungwa kwa shuka, siku moja kabla ya kuhamia kwao Kitui. "Shemeji Nzivo, wewe ndiye ulikuwa unasimama karibu naye," alisema. "Kaa nayo." Kisha akaenda zake, nikabaki Umoja na gitaa lisilo na mwenyewe.

Mimi na Wathome tulipiga pamoja miaka ishirini, mimi gitaa la ridhimu, yeye besi. Wenzetu wa bendi walishatawanyika zamani, na mwaka wa tisini na sita yeye naye akatangulia. Watu huniambia nizoee. Kuzoea ni neno la mtu ambaye bado ana wa kunywa chai naye.

Nilipofungua shuka niligundua kwamba paa la nyumba yao ya Dandora lilikuwa limeivujia msimu mzima. Shingo ilikuwa nzima, na sumaku zinazonasa sauti pia, lakini kiwiliwili kilikuwa kimeoza na kupasuka katikati. Ukingo wa juu tu ndio uliosalimika, na hapo lilikuwepo bado lile bonde: mahali alipoegemeza mkono wake wa kulia miaka yote hiyo, hadi rangi ikaisha na mbao yenyewe ikalika. Nilitia mkono wangu humo, nikahisi kama nimemshika. Nikaapa besi ile ipone, na bonde lisipotee.

Nilikipeleka kiwiliwili kwa Mutisya, mchongaji wa Pumwani aliyezeekea kwenye twiga na ndovu wa watalii. Hakuuliza besi ni nini, alitaka sampuli tu. Nilimwambia atumie mukau, mti wa kwetu, lakini habari ya bonde sikuitaja. Niliona haya. Mzee mzima utaanzaje kueleza kwamba unataka shimo? Baada ya wiki mbili nikakuta kiwiliwili kipya, na bonde limo, kwa kina kilekile. Mutisya alidhani ndivyo magitaa yanavyotoka kiwandani, na kwake sampuli ni sampuli. Kile cha zamani kilikuwa kimeshatiwa motoni kuchemsha chai. Sikukasirika. Nilitembea hadi Kariobangi nikilipapasa bonde njia nzima.

Kariobangi yuko Mbuthia, fundi wa kupuliza magari rangi. Nilimwomba damu ya mzee, rangi ileile ya kwanza, na haya ikaniziba mdomo tena. Mficha uchi hazai, na mimi nilificha mara mbili.

Jumamosi mchana nilipoenda kukichukua, kiwiliwili kiling'aa hadi nikaiona pua yangu.

"Mzee, huyo fundi wako alikuharibia kazi," Mbuthia akasema. "Kulikuwa na bonde hapa juu. Nimelijaza fila, nikapiga msasa, sasa iko fiti. Hebu papasa."

Nilipapasa. Palikuwa laini kama sahani. Alikuwa akitabasamu kwa wema wa kweli, basi nikamshukuru, nikamwambia kazi ni safi. Nikakibeba hadi nyumbani.

Nilifunga shingo kwa skrubu zake nne za zamani, nikaunganisha nyaya, nikatia nyuzi. Nikaegemeza mkono. Ukateleza. Nikaurudisha, ukateleza tena. Ndipo nikachukua kisu cha jikoni, Mungu na Mbuthia wanisamehe, nikakwangua. Rangi ilitoka kwa magamba, fila ikatoka kwa vumbi, hadi mukau ukaonekana na mapaja yangu yakawa mekundu. Mkono ukaingia, ukatulia.

Nililia kidogo. Kisha nikawasha amplifaya, nikaanza wimbo wetu wa kufungulia dansi, zile noti nne za Wathome ambazo sikio langu la kushoto lilizisikia miaka ishirini. Nilizipata zote. Desturi ilikuwa azipige mara mbili peke yake, halafu gitaa liingie. Nikazipiga mara mbili. Nikazipiga mara ya tatu, nikingoja. Gitaa lililopaswa kuingia lilikuwa langu, nalo lilikuwa limetundikwa ukutani, na mikono yangu yote miwili ilikuwa kazini.