Uso wa Oriku

Nasema mapema ili tusisumbuane: sijamsamehe Kuramitsu Eijiro, na asije mtu hapa kunishauri nimsamehe.

Tokyo nzima ilimwita Mwalimu, kama wanavyoitwa wachoraji wote wa katuni wenye jina. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Kazi tuligawana hivi: Mwalimu anachora nyuso, sisi wasaidizi tunachora vilivyobaki, yaani nyumba, mvua, nguo, moshi, miti, umati. Akimaliza macho na pua anaweka kalamu chini, anawasha sigara, anasema, "Haya, jazeni." Tulichojaza hakukiangalia. "Msomaji anatazama uso," alikuwa akisema. "Mandhari ni ukuta tu."

Na kwetu msaidizi akitunga katuni yake ya kwanza, humwonyesha mwalimu wake kabla ya kuipeleka kwenye jarida. Ndiyo adabu. Basi nikampelekea. Ilikuwa hadithi ya Oriku, mjane anayeuza tofu, ile jibini laini ya soya, enzi za samurai. Mchana anakata tofu, na wanaodhulumu wajane wenzake anawashughulikia kwa kisu kilekile. Uso nilimpa wa mama yangu, Fusae, muuza tofu wa mji wa Ishibata: kovu linalokata nyusi ya kushoto, kidevu cha ubishi, na mdomo uliopinda kidogo, kama anataka kukutukana lakini anakuonea huruma.

"Iache hapa, nitaisoma," akasema Mwalimu.

Aliisoma kweli. Msimu huohuo Oriku akatokea kwenye jarida la kila wiki, na juu yake limeandikwa jina la Kuramitsu Eijiro, tena kwa herufi kubwa.

Nikamvaa. "Mwalimu, Oriku ni wangu!"

Hata kichwa hakuinua. "Chigusa, unakula wali wangu, unatumia wino wangu, mkono wako nimeufundisha mimi. Chako kiko wapi hapa? Nenda kaseme, tuone studio gani itakufungulia mlango."

Ningeweza kuondoka, lakini Oriku ningemwachia nani? Niliapa kwamba siku moja atarudi kwenye jina langu, hata kama nitazeekea pale. Nikajikaza, nikainamisha kichwa. "Basi naomba kitu kimoja, Mwalimu. Mandhari ya Oriku niichore mimi peke yangu."

Akacheka. "Jichoshe tu."

Nikachora kwetu. Sisemi mtaa unaofanana na wa kwetu, nasema wenyewe: ngazi za mawe zilizomeguka mbele ya hekalu, daraja la ubao juu ya mfereji, paa la muuza sake, pombe ya mchele, lililobonyea, mlango wa mama na pazia lake la buluu lililoraruka pembeni. Kila jiwe mahali pake, wiki baada ya wiki. Mwalimu hakutazama. Wala hakuwahi kuniuliza kwetu ni wapi.

Hadithi ikapendwa mno. Siku moja mtangazaji wa televisheni akamuuliza Mwalimu mtaa ule uko wapi, na kwa kuwa hakujua, akafumba macho akadanganya. "Ni mtaa wa utoto wangu," akasema. "Kila jiwe nalijua." Nilikuwa nakula tambi, nusura zinipalie kwa furaha. Asante sana, mzee, nikasema moyoni. Umejifunga mwenyewe.

Maana wasomaji wa katuni kwetu hawana mchezo. Wakipenda hadithi watasaka ilipochorwa, wataenda na jarida mkononi, wasimame palepale aliposimama mhusika, wapige picha. Walisaka mpaka wakaifikia Ishibata. Wakubwa wa mji wakachanganyikiwa kwa furaha, wakamwalika Mwalimu aje nyumbani, na jarida likatangaza ziara hiyo kila mahali. Hakuwa na pa kutokea.

Akaniita pembeni, jasho linamtoka. "Mtaa huu uliutoa wapi, wewe?"

"Kwenye kitabu cha picha za zamani, Mwalimu. Lakini usijali, nimeukariri. Nitatembea nyuma yako nikunong'oneze."

Akashusha pumzi. Halafu, huku akitafuta kiberiti, akasema, "Tukirudi tunamalizia. Sura ya mwisho namuua Oriku. Watalia, watanunua."

Amuue mama yangu ili auze! Kama nilikuwa na chembe ya huruma, iliishia hapo.

Siku ya ziara nilivaa kofia na barakoa ili majirani wasinitambue, nikawa nakohoa. Kwetu mwenye barakoa haulizwi, ana mafua huyo. Mama nilikuwa nimempigia simu asubuhi.

"Akija usiseme kitu, mama. Muuzie tofu tu."

"Nisimtemee mate?"

"Mama!"

"Si nimeuliza tu, mwanangu."

Wasomaji walijaa mtaa mzima. "Kushoto, Mwalimu," nanong'ona. "Hilo ni daraja. Sema uliwahi kutumbukia."

"Hapa niliwahi kutumbukia!" anapaza sauti, na watu wanacheka, simu ziko juu. Bwana Tsukuda, mhariri wa jarida, anachekelea pembeni. Mwalimu kichwa kimemvimba, anatembea mikono nyuma kama mwenye mji.

"Sasa ingia hapo kwenye pazia la buluu."

Akaingia. Mama alikuwa nyuma ya meza, mikono ndani ya maji ya tofu. Nyusi ileile, kovu lilelile, ila nywele zimekuwa nyeupe. Waliotangulia mbele wakamtazama, wakatazama majarida yao. Nikamsikia msichana mmoja akisema taratibu, "Oriku."

Mwalimu hakusikia, alikuwa anatafuta penye mwanga mzuri. "Bibi," akamwambia mama, "hebu sogea kidogo, tunapiga picha."

Mama akafuta mikono kwenye aproni. "Nisogee niende wapi, baba? Hapa ni kwangu."

"Dakika moja tu, bibi."

Mama akawageukia watu. "Ndiye huyu anayenichora kila wiki? Mbona hanijui?"

Mwalimu akanitazama, anangoja ninong'one. Nikakaa kimya. Akalitazama lile kovu, kisha macho yakampanda hadi kwenye ubao wa tangazo la duka, uliogeuka rangi ya chai kwa mvuke wa miaka mingi. Pale juu Fusae bado kijana, amebeba ndoo ya tofu. Ni Oriku mtupu.

"Ubao huo kachora nani?" akauliza Bwana Tsukuda.

Nikavua barakoa. Muuza sake wa jirani akapiga kelele kutoka mlangoni, "He! Si Chigusa wa Fusae huyu? Kachora yeye, bado yuko sekondari! Tena wino akaumwaga kwenye sakafu yangu!"

Simu zote zikamgeukia Mwalimu. Akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji, paji la uso chini. "Chigusa, nisamehe. Tuandike majina mawili. Langu na lako."

Hata pale alianza na lake! Nilidhani siku ikifika nitapiga mayowe, lakini sauti ilinitoka ya kawaida kabisa.

"Mwalimu," nikamwambia, "hebu sogea kidogo. Tunapiga picha."

Akasogea. Mama akanishika kiuno kwa mkono uliolowa, tukapigwa picha.

Sura ya mwisho Bwana Tsukuda alinipa niichore mimi, na jina juu yake ni Nomiyama Chigusa peke yake. Oriku hakufa, bado anauza tofu. Kwenye ukurasa wa mwisho kuna umati mbele ya duka, na nyuma kabisa nimemweka mzee mmoja mwenye sigara. Koti lake nimelichora vizuri, na viatu, na hata mikunjo ya suruali. Wasomaji wananiuliza mpaka leo kwa nini mzee yule hana uso. Nawajibu kwamba mimi nilikuwa msaidizi tu, nyuso zilikuwa kazi yake.