Kebo ya Kona ya Kinyozi

Jumatatu asubuhi mwendesha boti aliingia duka la vipuri na kebo kuukuu ya usukani ameitundika shingoni kama mtandio, maana mkono wake wa kulia ulikuwa hauinuki vizuri. Mama mkwe wake alimfuata nyuma, akakaa kwenye benchi la wateja.

Usukani wa boti ulikuwa umekaza. Kwa muda mrefu mwendesha boti alikuwa akiupinda kwa mikono miwili na goti. Ijumaa uligoma kabisa kwenye kona ya kinyozi, boti ikagonga ukuta, na mkwewe akarushwa majini na kapu lake. Mkwe aliwahi kuopolewa. Kapu likazama.

Ukuta wenyewe ulikuwa hauonekani. Mji mdogo ulifunikwa na maji bwawa lilipojazwa, lakini mitaa yake haikushuka nao. Ilibaki juu ya maji, haionekani, na kona zake zilezile, na kila chombo kilichovuka kililazimika kuifuata: moja kwa moja hadi shuleni, kushoto penye mashine ya kusaga, kulia kwa kinyozi. Aliyekata katikati aligonga nyumba za watu. Wageni walielekezwa njia kabla ya kung'oa nanga, kama wanavyoelekezwa wageni wa mji wowote. Ofisi ya bwawa ilishasema kwamba pale palikuwa na vichaka tu, na vichaka havilipwi fidia.

Alhamisi angekuja mkaguzi wa vyombo. Usukani ukikaza mbele yake, boti ingevutwa nchi kavu, na ng'ambo kungekuwa hakuendeki.

Muuza vipuri alizitandaza kebo juu ya kaunta. Akaanza na nyembamba.

"Hii inatoka sana, dada. Nyepesi."

"Wanaoichukua wanapita wapi?"

"Maji matupu."

"Mimi napita mitaani, kaka."

"Ah," akasema muuza vipuri, akairudisha kwenye msumari. "Kwa kinyozi unakataje?"

"Kwa kumwomba Mungu."

Muuza vipuri akaipokea ile kuukuu, akajaribu kuisukuma ncha. Haikusogea. Kutu ilikuwa imeng'ata ndani. "Na kwenye boti ilikaaje?"

"Ilijikunja chini ya kiti, duara zima."

"Basi ilikuwa ndefu mno tangu mwanzo. Kila mkunjo unakula nguvu. Ulikuwa unapigana na kebo, si na mashine ya boti."

Mwendesha boti alitoa kamba mfukoni. Alikuwa ameilaza ndani ya boti tangu kwenye usukani, ubavuni, hadi nyuma kwenye mashine, akafunga fundo. Walipoilinganisha, fundo liliangukia kebo ya kati, fupi kuliko ile kuukuu.

"Chukua ndefu, mwanangu," mkwe akasema kutoka kwenye benchi. "Ikizidi tutaifunga kamba."

"Mama, kuzidi ndiko kulikokutupa majini."

"Basi nimenyamaza."

Lakini hata mwendesha boti mwenyewe alikuwa na hofu na ile fupi. Kebo ikipungua, mashine haigeuki hadi mwisho, na kwa kinyozi alihitaji mwisho kabisa. Akaizuia kebo ya kati juu ya kaunta kwa tumbo, akaipinda kama itakavyopindwa kwenye boti, akasukuma ncha moja kwa kidole. Ncha ya pili ikatoka yote, laini. Akaivuta, ikarudi yote. Akarudia, hakutaka kuacha.

"Ncha zake haziliwi na kutu," muuza vipuri akasema.

"Nifungie hii."

"Mungu ashukuriwe," mkwe akasema. "Sina kapu jingine."

Mwendesha boti aliifunga mwenyewe kwenye boti kesho yake, akapaka grisi, akakaza nati. Alipougusa usukani, mashine ikageuka upande huu na upande ule kama mtu anayeitikia kwa kichwa. Mwendesha boti akacheka peke yake, kisha akalia kidogo, kisha akaenda kunawa grisi.

Alhamisi mkaguzi alipanda amevaa jaketi la kuokolea. Mkwe alikaa mbele, mahali pake pa siku zote; alikataa katakata kuhamishwa. Wakapita shule, wakakata kushoto kwenye mashine ya kusaga. Kwa kinyozi mwendesha boti alipunguza mwendo na kuzungusha usukani hadi mwisho, kwa mkono wa kushoto peke yake. Boti ikapinda taratibu, ikauacha ukuta kwa nafasi ya kiganja. Mkaguzi akanyoosha mkono, akaupapasa ukuta walipokuwa wakipita. Vidole vikarudi na chokaa. Akavipangusa kwenye suruali.

"Usukani mzuri," akasema. "Boti imepita."

Mwendesha boti alihisi bega lake likishuka, kumbe muda wote alikuwa amelipandisha hadi sikioni.

"Na kona umeiona?" mkwe akamuuliza mkaguzi.

"Nimeiona, mama."

"Utawaambia ofisini?"

"Mimi nakagua boti, mama. Mitaa ni idara nyingine. Na wao wanasema hapa palikuwa vichaka."

"Haya," mkwe akasema.

Walimshusha mkaguzi ng'ambo, akawashukuru, akaenda zake. Walipokuwa wakirudi, mkwe aliomba waingie uchochoro wa pili baada ya shule. Kabla ya kebo mpya, uchochoro ule ulikuwa haukatiki. Sasa mwendesha boti aliukata bila kujikaza, akasogea polepole hadi mkwe aliponyoosha mkono mbele na kusukuma kitu kizito. Wakaingia. Mkwe akageuka, akakirudisha nyuma yao.

Mwendesha boti akazima mashine. Upepo ulikuwa mkali, mawimbi yalikimbia pande zote, lakini boti haikusogea hata kidogo, kwa kuwa walikuwa ndani ya ua wa nyumba ya zamani ya mkwe na lango lilikuwa limefungwa. Mkwe akavua viatu. Mwendesha boti akajinyoosha kwenye kiti, mkono mbovu umelala tumboni, na usingizi ukamchukua.