Nguzo ya Profesa Marabini

Elia Brusaferro alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na kazi yake uwanjani ilikuwa kusimama. Usicheke. Wapo wanaolipwa kwa kukimbia na wapo wanaolipwa kwa kufunga, lakini kiungo wa kati anayejua kusimama pale ambapo mpira utafika baada ya sekunde mbili ni mali adimu, na Elia alikuwa na kipaji hicho tangu akiwa mtoto wa miaka minane kule kwao, mkoa wa Veneto. Mechi ikiisha, wenzake walitoka wamejaa matope mpaka masikioni, yeye alitoka msafi kama mtu aliyekwenda kutazama.

Klabu yake kubwa ya kaskazini ilimpeleka kwa mkopo Castelmorro, ligi daraja la tatu, kwenye vilima vya mkoa wa Marche. Mkurugenzi wa michezo, Salvetti, mtu wa simu mbili mkononi na dakika moja ya kukupa, alimuaga akiwa amesimama mlangoni.

"Dirisha dogo la Januari tunaamua. Ukifanya vizuri, unarudi kwenye timu ya wakubwa. Usipofanya vizuri, tutakutafutia pa kukuacha. Tutakuwa tunasoma."

Ilipita miezi miwili kabla Elia hajalitafakari neno hilo la mwisho. Salvetti hakusema watakuwa wanakuja, wala hakusema watakuwa wanatazama. Alisema watasoma.

Na cha kusoma kilikuwa kimoja tu. Kila Jumatatu asubuhi gazeti la mkoa lilikuwa juu ya friza la aiskrimu katika baa iliyo mkabala na uwanja, na ndani yake kila mchezaji wa Castelmorro alipewa alama, moja hadi kumi, kama mtoto wa shule. Aliyezitoa alikuwa Profesa Quinto Marabini, mwalimu wa Kilatini aliyestaafu. Kwa miaka arobaini aliwafelisha watoto wa mji ule, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwambia inatosha, tangu zamani alikuwa akiifelisha na timu yao, na bado aliendelea. Sita ilikuwa kufaulu. Saba ilikuwa sherehe. Nane aliitoa mara moja tu maishani, kwa golikipa aliyevunjika mguu akaomba aendelee kucheza.

Wiki ya kwanza Elia alipata tano. Ya pili, tano. "Hakuonekana," Profesa aliandika. Ya tatu alipata nne na nusu, na swali: "Brusaferro alikuwepo?"

Timu ilikuwa ya tano kwenye msimamo, haijapata kuwa hapo tangu sarafu ya zamani ya lira ilipokuwa ikitumika. Kocha Nazzareno Ciccioli, mzee mfupi mwenye sauti iliyokauka kwa kupigia watu kelele, alilikunja gazeti akalitumia kupangusia benchi.

"Achana na huyu babu," alimwambia Elia. "Wewe baki katikati. Ukiondoka pale sisi tunakuwa nyumba isiyo na mlango, kila mpita njia anaingia na viatu."

Maneno mazuri, lakini kocha Nazzareno hasomwi kaskazini. Na jioni mama yake Elia alipiga simu kutoka Veneto.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Siumwi, mama. Nimecheza dakika tisini."

"Mbona wameandika hukuonekana? Jirani kanisomea mtandaoni, tena kwa furaha."

"Nilikuwepo, mama."

"Basi jitahidi uonekane. Inakugharimu nini?"

Katikati ya Oktoba aliteguka kifundo cha mguu, akawekwa jukwaani Jumapili moja na barafu yake. Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa viti viwili tu kutoka kwa Profesa Marabini. Profesa alikuwa na skafu, daftari, kalamu mbili na chupa ndogo ya dawa ya kikohozi ambayo haikunuka dawa ya kikohozi. Na mbele yake, karibu kabisa na pua yake, ilisimama nguzo ya chuma inayoshikilia paa la jukwaa.

Elia aliinamia upande wa Profesa apate kuona anachokiona. Aliliona goli la kushoto, goli la kulia, mstari wa pembeni wote mbele ya jukwaa. Katikati ya uwanja, duara na hatua ishirini kila upande, ilikuwa nguzo.

"Profesa, samahani. Hapo unaona vizuri?"

"Naona kila kitu."

"Na katikati?"

"Katikati hakuna kinachotokea, kijana," alisema Profesa bila kugeuza kichwa. "Miaka thelathini nakaa hapa. Sijawahi kuona lolote la maana pale."

Muuza tiketi alimweleza Elia mengine alipokuwa akichechemea kutoka. Mwaka ambao Castelmorro ilipanda daraja Profesa alikuwa amekaa kiti kile, kwa hiyo meya, paroko na chama cha mashabiki waliafikiana kwamba hahamishwi. Kumwomba asogee hata kiti kimoja ni kuutakia mji mkosi. Kila mchezaji wa katikati tangu hapo alikuwa amepata tano, na hakuna aliyejiuliza kwa nini mji una laana ya viungo wabovu.

Elia alirudi nyumbani akacheka peke yake, halafu kicheko kikaisha. Januari ilikuwa inakuja. Angempigia Salvetti amwambie nini? Kwamba mchezo wake umefichwa na nguzo? Salvetti angekata simu kabla ya neno nguzo. Basi kijana akapiga moyo konde, akafanya hesabu ya kijinga ambayo watu wenye akili huifanya wakiwa na haraka. Kama jicho haliji kwake, yeye ataliendea jicho.

Jumapili aliyorudi uwanjani mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Dakika ya kumi tu, winga wa wapinzani alikuwa akipita na mpira pembeni, mbele ya jukwaa, hana madhara yoyote. Elia aliacha katikati, akakimbia mita thelathini, akajitupa miguuni kwa winga, akateleza juu ya matope mpaka akagonga ubao wa matangazo ya duka la samani. Mpira ulitoka nje. Jukwaa zima lilisimama. Mwanamke mmoja alilia.

"Sita na nusu," gazeti lilisema Jumatatu. "Hatimaye kijana ameamka." Lilisahau kutaja kwamba Castelmorro ilifungwa mabao mawili, yote kupitia katikati.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alisifiwa sana. Novemba alipata saba, kisha saba na nusu. Alijitupa alipotakiwa na asipotakiwa. Alifukuza mipira iliyokwisha kutoka. Alipiga kelele, alipiga kifua, aliinua mikono kuwachochea mashabiki ambao tayari walikuwa wakipiga mayowe. Kwenye baa hakuombwa tena kulipia kahawa yake, na mwenye duka la nyama alimpa soseji akamwambia mji huu unapenda watu wenye moyo. Timu yenye moyo ilishuka kutoka nafasi ya tano hadi ya kumi na saba, ikawa kichwa cha mwendawazimu, kila kinyozi wa ligi akajifunzia hapo. Watu walikasirika wakatafuta mwenye kosa, na kwa kuwa walijua kutafuta pembeni tu, hawakumpata.

Mtu mmoja alimpata. Derna, mwanamke wa miaka sitini na kitu, ndiye aliyefua jezi za Castelmorro, na hakuwahi kutazama mechi hata moja kwa sababu Jumapili alipika supu ya kapeleti, tambi ndogo zilizojazwa nyama, kwa wajukuu tisa. Lakini jezi alizijua. Jumatatu moja alimkuta Elia chumba cha kubadilishia nguo, akamnyanyulia bukta mbele ya uso.

"Mwanangu, unacheza wapi wewe?"

"Kiungo wa kati, mama."

"Hii chokaa ni ya mstari wa pembeni. Mstari wa jukwaani, maana ule mwingine mtunza uwanja anauchora kwa rangi, chokaa ilimwishia. Kiungo wa kati anatafuta nini huko?"

"Nasaidia wenzangu."

"Eh. Na hii ya golikipa imeraruka kifuani, na mabeki wana nyasi mgongoni, maana yake wanaangushwa kila saa." Alizitupa zote kwenye mashine. "Wewe saidia tu. Mimi sabuni nitaongeza."

Elia aliona aibu, kweli aliona. Usiku hakulala vizuri. Lakini Jumanne Salvetti alimtumia ujumbe, wa kwanza tangu Agosti: "Tunasoma. Endelea hivyo." Aibu ikapata usingizi.

Wiki moja kabla ya Krismasi Castelmorro ilifungwa nne kwa nunge nyumbani. Profesa aliandika kwamba ni Brusaferro pekee aliyetoka na heshima, saba na nusu, na kwamba kocha Ciccioli ameshindwa kabisa kupanga watu wa katikati. Siku ya pili kocha Ciccioli alifukuzwa. Rais wa klabu, mwenye kiwanda cha soli za viatu, alimkabidhi keki ya sikukuu pamoja na barua.

Elia alimkuta kocha akifunga mizigo yake kwenye buti la gari: koni za mazoezi, filimbi na ile keki.

"Kocha, mimi..."

"Najua habari ya nguzo," Nazzareno alisema. "Nimecheza hapa miaka sita katikati. Nilipata tano miaka sita."

"Mbona hukunitoa?"

"Nilidhani utachoka. Kisha nikadhani utakuja kuniambia mwenyewe." Alifunga buti. "Una miaka kumi na tisa. Mimi nimefukuzwa mara nane, tena kwa sababu za kijinga zaidi ya hii. Wakikuita kule juu, ukifika tu, simama. Umenisikia? Simama pale unapojua wewe."

Walimwita siku ya nne ya Januari. Castelmorro ilimuaga kwa fataki na bango lenye uso wake, lililochorwa na mtu aliyempenda kuliko alivyojua kuchora.

Kaskazini nyasi zilikuwa laini kama zulia, na hakukuwa na nguzo popote. Juu ya uwanja wa mazoezi kulikuwa na mlingoti wenye kamera iliyoona kila mtu kwa wakati mmoja. Elia aliambiwa acheze katikati kwenye mechi ya mazoezi ya dakika arobaini. Alisimama. Alikumbuka maneno ya mzee, akasimama kwa nguvu zake zote, na kila mpira ulipomjia kichwa chake kiligeuka kwanza pembeni kutafuta nani anaona. Mpira ulipita. Dakika ya kumi na tano miguu ikamshinda, akakimbilia mstarini, akajitupa miguuni kwa mwenzake ambaye alikuwa akifunga kamba za viatu.

Elia alipomaliza kuoga, kocha mkuu, Rovelli, mtu mpole asiyepandisha sauti, alimwita chumba cha video. Kwenye skrini katikati ya uwanja palikuwa peupe, na mbali kabisa pembeni kulikuwa na Elia.

"Sisi tulikupeleka kule kwa sababu ulijua kusimama," Rovelli alisema. "Nani alikufundisha haya?"

Elia aliitazama skrini. Angesema nguzo, angesema Profesa, angesema mimi mwenyewe, kwa sababu ya alama. Yote yalikuwa kweli na yote yalikuwa ya kuchekesha, na yeye hakutaka kuchekwa katika chumba kile.

"Kocha wangu wa kule," alisema. "Ciccioli. Ndiye aliyetaka nitoke katikati."

Rovelli aliizima skrini. Kisha akachukua simu yake mezani, akatafuta namba.

"Nazzareno alinipigia juzi," alisema. "Hana kazi, na hakuomba kazi. Alizungumza nusu saa juu yako. Aliniambia nisiamini gazeti, nikupe muda, kosa la Castelmorro lilikuwa lake yeye, si lako." Alibonyeza, akaisukuma simu upande wa Elia. "Mwambie hicho ulichoniambia mimi."

Simu iliita mara mbili tu, kama iliyokuwa ikisubiriwa.

"Rovelli? Yuko hapo kijana?" sauti iliyokauka ilisema kwa furaha. "Elia, mwanangu, ni wewe? Niambie, ulisimama?"