Chini ya Stika ya Dubu

Mwaka huu nilijitolea kukagua vifaa kwenye gulio la mji wetu la skii, zile mbao za kutelezea thelujini, na waliodhani nimeingiwa na moyo wa ukarimu walijidanganya. Nilikuwa namsubiri Wendell Pruitt.

Gulio letu hufanyika Oktoba, theluji haijaanguka bado, ndani ya ukumbi wa mazoezi wa shule. Kila mtu huleta asichokitaka tena, na asiyeweza bei za dukani hutoka na vifaa vya msimu mzima. Hapo ndipo mwaka jana niliponunua kwa Wendell jozi ya skii fupi, zile zinazokufika kiunoni ukizisimamisha. Sisi tunaoruka vilima vya kutengenezwa na kuteleza juu ya mabomba ya chuma tunazipenda hizo kuliko zile ndefu. Sikununua kijinga. Nilihakikisha ncha zimeinuka mbele na nyuma ili niweze kushuka kinyumenyume, nikapitisha kucha kwenye kingo za chuma, nikapima upana kwa kiganja. Dola arobaini na tano, nikajiona mjanja.

Jambo moja tu sikulifanya. Sikubandua stika kubwa ya samaki iliyobandikwa penye kifungo, kile kishikizo kinachobana buti. Nani abandue stika? Kwetu skii zenye stika nyingi ndizo watu wanazozitamani, kwa sababu zinaonyesha mwenyewe amezitumia kweli.

Chini ya samaki yule skrubu zilikuwa zimeng'oka na matundu yake kuzibwa kwa gundi. Januari, nikiwa katikati ya bomba, kifungo cha kushoto kilichomoka. Cha kulia hakikuachia, maana vifungo vya skii hizi haviachii mguu hata ukianguka, na muundi wangu ukavunjika mahali pawili.

Nilimfuata Wendell na magongo yangu mgahawani. Alikuwa anakunywa supu ya mahindi, wala hakuweka kijiko chini.

"Dada Corinne, gulioni mtu ananunua kwa macho yake," alisema. "Halafu kwa umri huo mabomba ya nini? Kaa nyumbani ufume sweta."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa aibu, na kicheko changu kile kiliniuma kuliko mfupa. Nikitoka pale nilipita kwenye jalala la mji, nikazirusha skii zile ndani ya banda ambamo watu huacha vitu ili wengine wajichukulie. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikukumbuka kitu ambacho kila mtu wa mlima huu anakijua.

Basi Oktoba ikafika, nami nikawa nyuma ya meza ya ukaguzi. Wendell alileta jozi kumi na moja. Mkaguzi akitilia shaka kitu anaruhusiwa kukifungua, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba stika haziguswi. Nikaanza kubandua.

Jozi ya kwanza ilikuwa safi. Ya pili safi. Nilipofika ya saba vidole vilikuwa vimejaa gundi, foleni inanung'unika, na Wendell anauliza watu kama nimeajiriwa kufua. Niliogopa. Niliona kabisa nitakavyochekwa mara ya pili, ukumbini humo humo, na nafsi yangu ilikuwa haina nafasi ya kicheko kingine.

Jozi ya mwisho ilikuwa na stika ya dubu. Ottilie, mama anayeendesha basi la shule, alikuwa ameshaweka mkono juu yake. Asubuhi alikuwa amenieleza kwamba ametimiza miaka hamsini na moja na anataka kuruka kabla magoti hayajamkatalia, nami nikamfundisha kuangalia ncha, kingo na upana. Alikuwa ameangalia vyote vitatu.

Nikambandua dubu. Chini yake palikuwa na gundi ya kijivu, matundu manne, na kipande cha mkia wa samaki.

Zilikuwa skii zangu.

Wendell aliinama, akasema kwa sauti ya chini, "Uliziacha bandani zikiwa nzima. Mtu akitupa skii mbovu anazikata kwanza kwa msumeno, unajua hilo. Mimi nimeokota tu."

Neno hilo lilinipata, kwa sababu lilikuwa kweli. Nikaligeuza, nikalisema kwa sauti ili ukumbi mzima usikie: ni zangu, zilinivunja mguu, nilizitupa bila kuzikata, na kosa hilo ni langu. Kisha nikazisukuma upande wake.

"Zivae, Wendell. Ruka mara moja tu hapa sakafuni, nami nitazipitisha."

"Mgongo wangu mbovu."

"Ottilie naye ana mgongo."

Hakuzigusa. Alizitazama, akanitazama. Kisha nyuma kwenye foleni nikasikia stika ikibanduliwa. Ikafuata nyingine, halafu nyingine. Kila aliyewahi kununua kwake na siku hiyo kaja kubadilisha alikuwa ameinamia skii zake, anakwangua kwa kucha. Mtu mmoja akainua za binti yake juu, zina matundu yale yale.

Wendell alianza kukusanya vitu vyake. Nikamwambia asubiri, kwa sababu mwenye kifaa kilichokataliwa lazima ashuhudie kikiharibiwa. Mlinzi wa shule akaniletea msumeno. Ottilie akashika ncha ya pili ili zisicheze.

Ningeweza kumaliza kwa dakika mbili. Nilikata taratibu, mguu ukiniuma kwa kusimama, na kila aliposogea kuelekea mlangoni niliacha kukata, nikamngoja arudi.