Mshindi Aliyeomba Msamaha

Fundi cherehani alifunga duka asubuhi hiyo huku futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akatoka mbio kuelekea uwanja wa shule. Binti wa kaka yake, mwenye miaka kumi, alikuwa kwenye fainali ya mbio za mita mia nne. Kaka mtu alikuwa kwenye safari ya kikazi mwezi mzima, na mtoto alikaa kwa shangazi.

Filimbi ikalia. Kwenye kona ya mwisho mtoto alimpita wa tatu, akampita wa pili, kisha akampita hata wa kwanza na kuchomoka peke yake. Shangazi aliruka hadi kiatu kikamvuka. Alimkumbatia mshindi wake, naye mtoto akasema chinichini:

"Samahani, shangazi."

"Samahani ya nini tena, mwanangu? Umeshinda."

"Usimwambie baba. Atasema nimebahatisha. Mimi ni bure tu. Hata mama aliondoka kwa sababu yangu."

Alisema bila chozi, kama anayetaja darasa analosoma. Hapo ndipo shangazi alipoelewa. Mwezi mzima alimwona akijibanza nyuma ya mlango kila kijiko kilipodondoka, akidhani ni haya. Mtoto hakuwa na hata mchubuko mwilini, ndiyo maana shangazi hakushtuka mapema.

"Nisikilize," alisema, akipiga magoti vumbini. "Mama na baba walishindwana wao kwa wao. Wewe huna kosa. Na leo hukubahatisha, nimekuona kwa macho yangu."

Walienda moja kwa moja kwa mwalimu wa ushauri, ambaye naye alikuwa ameanza kuingiwa na wasiwasi. Kaka aliporudi kutoka safari jioni hiyo, dada yake alimpokea dukani, akamwambia mtoto anamwogopa.

"Sijawahi kumgusa hata kwa ukucha," kaka alifoka.

"Najua. Ila yale maneno yako anayarudia neno kwa neno."

Akamtajia yote. Kaka alikaa kwenye kiti cha wateja. "Baba yetu naye alikuwa ananiambia hivyohivyo," alisema mwishowe.

"Basi yaishie kwako. Mwalimu anakungoja kesho. Mtoto atabaki kwangu mpaka atakapotaka mwenyewe kurudi."

Alikubali kwa shingo upande, lakini kesho yake alikwenda kwa mwalimu.

Jioni ileile, chumba cha ndani nyuma ya duka, mtoto alikuwa akiwasimulia binamu zake mbio zile, mikono ikipaa. Alipoanza kuzisimulia mara ya tatu, wale aliowapita walikuwa wamefika ishirini, na hakuna aliyembishia.