Chama cha Walioacha Tembo

Mzee Ruwa wa Mtopanga hakuwa mtu wa maneno mengi. Mkwewe Fondo alipokwenda kumwomba amrudishie mkewe Kafedha, mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akajikuna kidevu, akasema:

"Kuapa umeniapia sana, mwanangu. Sasa nataka watu. Niletee wanaume waseme mbele yangu kwamba hunywi, nawe utaondoka na mke wako."

Hapo Fondo akapatikana. Waliomwona akinywa wangejaza gati zima la Kilindini, alikofanya kazi ya ukuli. Waliomwona hanywi angewatoa wapi? Ilikuwa miaka ya vita vya Hitla. Unga ulipimwa, sukari ilipimwa; tembo la mnazi tu ndilo halikupimwa, na watu wa Kisauni walilinywa kana kwamba Serikali imewaomba walimalize kabla adui hajafika.

Ndipo aliposikia kanisani kwamba kuna chama cha wanaume walioacha tembo, ambao hukutana Jumapili baada ya ibada kutiana moyo wasilirudie. Kila mtu alikisifu chama hicho, na hakuna aliyejua kinakutana wapi. Fondo alimwuliza mshona viatu, akaonyeshwa mangwe, kilabu cha tembo. Alimwuliza mama muuza mbaazi, akaonyeshwa mangwe nyingine, yenye kivuli kizuri zaidi. Kila aliyeulizwa alimtazama usoni, akamhurumia, akamwelekeza kwa mgema.

"Si huko," Fondo alisema. "Nawataka walioacha."

"Walioacha nini?" wakamwuliza, wala hawakuwa wakimtania.

Mwishowe alichoka, akaingia kwa Nyamvula, mwenye mangwe aliyemjua tangu zamani. Aliingia kuuliza tu, ingawa miguu yake ilikuwa na nia nyingine.

"Shikamoo, mama. Natafuta chama cha walioacha."

"Marahaba. Wako uani. Pita, lakini polepole, wanaomba."

Naam, walikuwa uani. Mwenyekiti wao Erastus, mwimbaji wa kwaya, alimweleza bila haya kwamba hapo ndipo mahali pekee ambapo wanachama wote walipajua bila kuelekezwa, tena pana mabao ya kukalia.

Fondo akasimama kutoa ushuhuda wake. Alieleza alivyouza sufuria ya Kafedha, mchuzi bado unachemka ndani.

"Sufuria tu?" akauliza mwanachama mmoja, Katana. "Mimi niliuza mlango wa nyumba."

Wakamcheka Fondo, kisha wakamshika bega, na kwa mara ya kwanza akajiona si peke yake. Alihudhuria masika yote bila kuonja. Walipomwahidi kwamba watakwenda pamoja Mtopanga kumsemea, alilia mbele yao wala hakuona aibu.

Jumapili ya safari ikafika, na Katana akakiri kwamba ameteleza.

Mila wote waliijua: mwenye kosa hutozwa kadzama, buyu kubwa la tembo, na wazee hulinywa pamoja ili kosa liishe. Ndivyo babu zao walivyomaliza ugomvi wa mashamba na wa ng'ombe. Sasa kosa la kunywa lingeishaje bila hivyo? Hakucheka hata mmoja. Nyamvula akalileta buyu kwa adabu zote, likazunguka, likamfikia Fondo.

"Huku si kunywa," Erastus akamwambia, akijifuta midomo. "Huku ni kumsamehe mwenzio."

Fondo akalishika. Harufu ikampanda puani, mate yakamjaa. Alilitaka, tena vibaya sana. Moyoni akamwona Kafedha akitafuta sufuria yake jikoni, akampitishia buyu jirani yake.

"Basi hujamsamehe!" Erastus akafoka. "Tangu leo si mwenzetu! Na Mtopanga tutakwenda, lakini kukushtaki!"

Fondo akaenda peke yake, amevunjika moyo. Hata kiti hajapewa kwa mkwewe, wenzake hao wakaingia, kila mmoja akimshikilia mwenziwe.

"Mzee Ruwa!" Erastus akapaza sauti ya kwaya. "Huyu mkweo hana adabu! Tumekaa naye masika mazima, hajaonja hata tone! Leo tumemtia buyu mkononi, tembo la faini, la wazee! Kakataa! Tumemfukuza!"

"Hajaonja?" mzee akauliza taratibu.

"Hata tone, wallahi!" wakaapa wote, Wakristo watupu, kwa uchungu wa kweli.

Fondo aliinamisha kichwa, akingoja kufukuzwa mara ya pili siku hiyo. Kafedha akatoka jikoni, mikono imejaa unga. Hakumtazama mumewe. Alimwendea Erastus, akasimama mbele yake, machozi yanamtoka.

"Rudia, baba," akasema. "Hebu rudia tena, nisikie."